Somo la 8: Wajane Waliosahauliwa

Sabato Alasiri

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 6:1–7, Mwanzo 41:46–49, 47:13–25, Kumbukumbu la Torati 14:28, 29, 24:19–22, 1 Wafalme 17:8–16, 1 Timotheo 5:3–16, Matendo 11:27–30.

Fungu la Kukariri: Yakobo 2:15, 16. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri na wenzako wa darasa.

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyepatikana Arusha. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba shule zinafungwa. Nyumba za ibada hazikufungwa, wala masoko, wala njia ya kwenda shambani. Mkulima wa Mvumi, katika Wilaya ya Chamwino, aliendelea kupalilia uwele wake kama miaka yote. Mtu wa mbali angesema gonjwa lile lilipita juu ya kichwa chake bila kumgusa.

Lakini Machi katika nchi ya Ugogo ni mwezi wa kijani na wa njaa. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno ni Mei na Juni. Mwezi Machi shamba limejaa na kihenge ni kitupu. Katika miezi hiyo kaya huishi kwa mambo mengine: mbuzi wa kuuza, kibarua cha kupalilia shamba la mwingine, fedha anayotuma mtoto aliyeko mjini, ruzuku ya serikali, na jirani. Watu wa Dodoma wana neno lao la kwenda kutafuta chakula kwa ndugu walioko mbali, wanasema *kuhemea*. Gonjwa la mwaka 2020 halikuharibu shamba. Lilikata kamba hizi nyingine, moja baada ya moja, na nyumba nyingi zilikatikiwa bila jirani kusikia.

Juma hili tunajifunza juu ya kamba hizo, na zaidi juu ya swali moja ambalo kanisa la Yerusalemu lilikutana nalo mapema sana: katika hesabu ya wanaosaidiwa, ni nani ambaye jina lake halimo?

Jumapili: Ghala na Mkono Ulioshika Ufunguo

Soma Mwanzo 41:46–49 na Mwanzo 47:13–25. Katika sura ya 41 nafaka iliwekwa wapi, na katika sura ya 47 watu waliipataje?

Wazee wa Ugogo walirithi kwa baba zao habari za njaa iitwayo *Mtunya*, neno linalofasiriwa kuwa kinyang'anyiro. Ilikuwa kati ya mwaka 1917 na 1920. Haikuanza na mvua kukosekana. Ilianza na vita. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na majeshi ya Uingereza yalipoingia Dodoma mwaka 1916 nayo yakachukua. Kaya iliyokuwa na akiba ya kuvuka mwaka mmoja mbaya ikabaki bila kitu. Ndipo mvua ikakosekana. Na katikati ya njaa hiyo, mwaka 1918, mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia nzima yakaingia Afrika Mashariki kwa meli, yakasambaa na treni na askari. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza Mtunya, anakadiria kwamba huenda watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 wa eneo hilo. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Angalia mpangilio wa mambo. Ugonjwa ulikuta miili iliyokwisha kuchoka, na ukame ulikuta vihenge vilivyokwisha kumwagwa. Kilichoua si jambo moja. Watu walikuwa wamenyang'anywa mapema kile ambacho kingewavusha.

Wahubiri wetu wanaipenda Mwanzo 41. Miaka saba ya shibe, moja ya tano ya mavuno kuwekwa akiba, na aya ya 48 yenye hekima ya pekee: chakula cha mashamba kiliwekwa katika mji ule ule ulio karibu na mashamba hayo. Hakikusafirishwa chote kwenda kwa Farao. Mkulima angeweza kuuona ukuta wa ghala lenye jasho lake. Lakini ni wahubiri wachache wanaofika sura ya 47. Huko watu wanakuja ghalani na fedha, na fedha inakwisha. Mwaka huo wanaleta farasi, kondoo, ng'ombe na punda. Mwaka unaofuata hawana kilichobaki isipokuwa ardhi na miili yao, na hivyo navyo wanavitoa. Maandiko hayamlaumu Yusufu, na watu wenyewe walimshukuru kwa kuwaponya (aya ya 25). Hata hivyo Maandiko hayakuificha habari hiyo. Waliingia njaani wakiwa wenye mashamba, wakatoka wakiwa watumwa wa Farao.

Kuna mstari mwingine usiosomwa sana. Makuhani hawakuuza ardhi yao, kwa sababu walikuwa wakila posho iliyotoka kwa Farao (aya ya 22). Si vibaya kwa mtumishi wa dini kula. Lakini kuhani asiyepoteza kitu katika njaa anaweza kukaa miaka saba bila kujua jirani yake ameuza nini.

Katika kanisa lenu, ni akina nani ambao wakati wa njaa hawapungukiwi? Je, hao ndio wanaoamua msaada uende wapi?

Jumatatu: Ndani ya Malango Yako

Soma Kumbukumbu la Torati 14:28, 29 na 24:19–22. Ni watu gani wanaotajwa tena na tena?

Kila mwaka wa tatu, zaka ya mazao haikupelekwa mbali. Iliwekwa ndani ya malango ya mji, na wanne walikuja kula na kushiba: Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Waadventista wameizoea tofauti kati ya zaka ya kutegemeza huduma na zaka hii ya pili, kwa hiyo hakuna haja ya kuirudia hapa. La kuangalia ni neno *malango*. Msaada uliwekwa mahali ambapo mjane anaweza kufika kwa miguu yake, na ambapo wanaomjua wanapita kila siku.

Sheria ya mganda uliosahauliwa shambani ina upole wa namna nyingine. Mwenye shamba asirudi kuuchukua. Anayeuokota hakuandikwa popote, hakupigwa picha, hakusimamishwa mbele ya watu ashukuru. Aliinama, akaokota, akaenda nyumbani kupika. Ruthu alilishwa hivyo.

Kuna njia gani katika mazingira yenu ya kumsaidia mtu bila yeye kutangazwa?

Jumanne: Habari Iliyoanzia Nyumbani

Soma Isaya 58:6, 7. Mungu anauunganishaje mfungo wa kweli na chakula cha mwingine?

Watu wengi wa Chamwino hawajui kwamba wilaya yao ina sehemu katika historia ya kuwasaidia maskini nchini Tanzania. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Kabla ya kuanza kugawa ruzuku nchi nzima, mfuko ulifanya jaribio katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilichaguliwa vijiji 80, na kwa kura vijiji 40 vikaanza kupokea. Malipo ya kwanza yalitolewa Januari 2010, na yaliendelea kila baada ya miezi miwili. Kiwango kilihesabiwa kufuatana na watoto na wazee wa miaka 60 na zaidi waliomo katika kaya. Masharti yalikuwa watoto waende shule, na watoto wadogo na wazee wafike kituo cha afya.

Kulikuwa na minong'ono, kama ilivyo kila mahali: maskini akipewa fedha ataimaliza kwenye pombe. Watafiti waliporudi vijijini walikuta mambo mengine. Kaya zilizopokea zilikuwa zimenunua mifugo zaidi, hasa kuku na mbuzi. Zilikuwa zimejiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Na watoto walikuwa wamenunuliwa viatu.

Ni vizuri kutafakari orodha hiyo fupi kabla ya kuendelea. Kuku, kadi ya matibabu, viatu. Mama aliyeshika fedha kidogo hakuila yote siku hiyo. Aliigawa: nyingine ya kula, nyingine ya kujikinga na siku mbaya isiyojulikana tarehe yake. Kuku watano chini ya uchaga ni akiba inayotembea, na mwezi Machi mmoja wao ni mahindi njiani. Yusufu alifanya hivyo kwa ghala la taifa. Mwanamke wa Chamwino alifanya hivyo kwa tenga.

Mwaka 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukaanza, ukafikia kaya zaidi ya milioni moja nchini. Kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, majuma machache tu kabla ya mgonjwa yule wa Arusha. Kwa hiyo gonjwa lilipofika, wavu ulikuwapo. Haukufumwa siku ya gonjwa. Uganda, ambako watu wa Kampala walizuiwa kutoka nyumbani, serikali ilianza Aprili 2020 kupita mitaani ikigawa unga na maharage, nyumba kwa nyumba, na kazi ya kuwatambua wenye njaa ilibidi ifanyike njaa ikiwa tayari mlangoni.

Washiriki wengine husikika wakisema kwamba kwa kuwa serikali ina mpango wake, kanisa limepumzishwa. Usemi huo hauna msingi katika Maandiko, na hata kwa hesabu ya kawaida hausimami. Kila mpango una daftari, na kila daftari lina mwisho wa ukurasa.

Je, ni sawa kanisa kumnyima msaada mshiriki kwa sababu yumo katika mpango wa serikali? Jadilini kwa mifano, si kwa hisia.

Jumatano: Manung'uniko Yaliyokuwa ya Haki

Soma Matendo 6:1–7. Nani walinung'unika, na mitume waliyapokeaje manung'uniko yao?

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku. Lilikuwa limejaa Roho, na watu walikuwa wakiuza mali zao kwa ajili ya wenzao. Na bado wajane wa upande mmoja, wale wenye lugha ya Kiyunani, walirukwa. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walisahauliwa tu. Mjane Mwebrania alikuwa na shangazi, mpwa, jirani wa tangu utoto, mtu wa kulitaja jina lake mezani. Mjane aliyetoka nchi za mbali hakuwa na wa kumtaja.

Mitume hawakuwaambia wanung'unikao kwamba wana roho mbaya. Hawakusema tuombe kwanza tuone. Walikubali kwamba kuna kosa, wakaitisha kusanyiko. Kisha angalia majina ya wale saba katika aya ya 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na mmoja wao hata si Myahudi wa kuzaliwa. Kanisa liliukabidhi mgawo mikononi mwa watu wa upande uliorukwa. Kamati nyingi za kanisa leo zingewaongeza wawili kwa ajili ya uwakilishi, zikaona zimemaliza.

Sasa chukua mfano wa kijiji kimojawapo cha Mvumi, Aprili 2020. Bibi wa miaka sabini na kitu anaishi na wajukuu watatu. Mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam, na kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu. Ni mwana mwema: miaka miwili nyuma alimwezekea mama yake bati. Wageni wa hoteli walipokoma, kazi ya mwana ikakoma. Fedha haikuja mwisho wa Machi. Haikuja mwisho wa Aprili.

Bibi huyu hayumo katika daftari la kaya maskini. Siku ya mkutano wa kijiji wa kutaja majina alikuwa amekwenda kuhemea kwa ndugu zake, na hata angekuwapo, kuna mtu angesema, "Yule ana mtoto mjini. Tazama paa lake." Na hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Bati lilikuwapo. Kihenge chini ya bati kilikuwa kitupu.

Katika kitabu cha mahudhurio cha darasa lake la Shule ya Sabato kuna alama ya kutokuwapo, Sabato ya kwanza, ya pili, ya tatu. Darasa lilidhani anaogopa korona, na lilimsifu kwa tahadhari yake. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida siku zile, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Sabato ya nne shemasi wa kike, mama wa makamo, akapita kwake alasiri.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mwanangu. Karibu. Usikae karibu sana, siku hizi wanakataza."

"Tumekukosa kanisani."

"Nipo. Magoti tu."

"Umekula, bibi?"

"Nimekula, nimeshiba. Hata watoto wamekula."

Sufuria ilikuwa imefunikwa. Mafiga yalikuwa na majivu meupe ya jana. Shemasi hakufunua sufuria, kwa sababu mtu mzima hafunuliwi sufuria yake mbele ya wajukuu. Aliomba maji ya kunywa, na mjukuu mdogo alipokwenda kuyaleta jikoni alimfuata. Mtoto akamwambia mwenyewe: mlenda upo, ugali haupo, tangu juzi.

Somo hili lingekosa uaminifu kama lingesema kwamba tatizo la bibi lilikuwa ukosefu wa chakula kijijini. Chakula kilikuwapo, kidogo kidogo, katika nyumba ishirini. Watu wanne hula karibu kilo moja na nusu ya nafaka kwa siku, yaani kama kilo kumi na nusu kwa juma. Darasa la watu 12 likikubaliana, hata kilo moja kwa kila mtu haifiki. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi uwele ukomae ni majuma machache. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la nne kwa kijiti mchangani. Kilichokosekana kwa majuma manne kilikuwa mtu wa kuuliza, na kuuliza vizuri.

Mwezi huo huo wa Aprili magazeti yalieleza habari ya mama mmoja wa Mombasa, mjane aliyekuwa akifua nguo za watu. Kazi ilipokoma kwa sababu ya gonjwa, aliweka mawe kwenye sufuria, akachochea moto, ili watoto wasubiri wakidhani chakula kinaiva, mpaka wapitiwe na usingizi. Jirani aliwasikia watoto wakilia. Alikwenda, akaona, akasema. Msaada ukamiminika kutoka kwa watu wasiomjua mama huyo. Mawe yaligeuka chakula kwa njia ya jirani mwenye masikio. Mjane wa Sarepta naye alikuwa akiokota kuni mbili tu langoni pa mji (1 Wafalme 17:10–12), akijiandaa kupika mara ya mwisho. Watu wangapi walipita langoni siku ile, wakaona kuni, wasimwone?

Mvumi ina jambo lake la ziada. Ni nchi ambayo Waanglikana walitangulia. Hospitali ya misheni ni yao, na jirani wengi ni wa kanisa hilo. Waadventista ni wachache kati yao. Ingekuwaje kama mtoto aliyefuatwa jikoni angekuwa mjukuu wa mama wa kanisa jingine? Wagalatia 6:10 inaweka watu wa nyumba ya imani mbele, lakini inaanza na watu wote.

Chukua kitabu cha mahudhurio cha darasa lenu. Soma majina ya wasiokuwapo kwa miezi mitatu iliyopita. Kwa kila jina, ni nani anayejua sababu kwa kuona, si kwa kudhani?

Alhamisi: Aliye Mjane Kweli Kweli

Soma 1 Timotheo 5:3–16. Paulo anaweka masharti gani kabla ya mjane kuandikwa?

Wanaosema kwamba orodha na vigezo ni mambo ya serikali tu wasome sura hii polepole. Kanisa la Efeso lilikuwa na daftari. Umri ulitajwa: miaka sitini. Mwenendo ulipimwa. Na kabla ya kanisa kutoa, watoto na wajukuu walipaswa kutimiza wajibu wao kwanza, ili kanisa lisilemewe, liweze kuwasaidia wale ambao hawana mtu kabisa (aya ya 16). Paulo ana maneno makali kwa asiyetunza wa nyumbani mwake. Kwa Kiafrika hatuhitaji kufundishwa hilo, ingawa baadhi yetu tumeanza kulisahau tukishapata mshahara.

Lakini Paulo hakuandika juu ya mwaka ambao mwana mwenyewe amefukuzwa kazi. Mwana wa Dar es Salaam katika mfano wetu hakumwacha mama yake. Alikuwa analala njaa mjini, akiona aibu kupiga simu bila kitu cha kutuma, na kimya chake mama alikitafsiri vibaya. Gonjwa linapogusa mji na kijiji kwa pamoja, mjane mwenye mtoto anageuka, ndani ya mwezi mmoja, kuwa mjane asiye na mtu. Daftari lililoandikwa Januari halilijui hilo. Ndiyo maana daftari la kanisa halipaswi kuandikwa mara moja na kufungiwa kabatini pamoja na vyombo vya Meza ya Bwana.

Antiokia inatuonyesha namna nyingine (Matendo 11:27–30). Agabo alitabiri njaa, iliyokuja kutokea wakati wa Klaudio. Waumini hawakungoja waone mifupa ya watu. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake alitoa, na msaada ukapelekwa kwa mikono ya watu wanaojulikana, Barnaba na Sauli. Katika Ugogo hatuhitaji nabii wa kutuambia kwamba Februari na Machi zitakuja. Zinakuja kila mwaka. Kanisa linaloweza kuweka magunia mawili ya uwele mwezi Juni, bei ikiwa chini, halina udhuru wa kuanza kupitisha bakuli mwezi Machi, bei ikiwa juu na kila mtu akiwa hana.

Kama kila kaya ya kanisa lenu ingetenga kilo chache wakati wa mavuno, zingehifadhiwa wapi, na nani angeshika ufunguo?

Ijumaa: Jifunze Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu chake juu ya matendo ya mitume kilichotolewa mwaka 1911, ana sura nzima kuhusu mashemasi saba. Isomeni pamoja na Matendo 6, mkiangalia jinsi utaratibu mzuri ulivyoliokoa kanisa na mgawanyiko.

Katika mfano wetu wa Mvumi, mambo hayakumalizika kwa wimbo. Darasa lilileta nafaka usiku, siku ya Jumapili, bila kutangaza. Mzee wa kanisa alikwenda na bibi kwa mtendaji wa kijiji kueleza hali yake ilivyobadilika, na wakaambiwa wangoje zoezi lijalo la kuandikisha. Bibi alirudi kanisani Sabato iliyofuata akiwa na sadaka: mayai mawili yaliyofungwa kitambaani. Mwalimu wa darasa alitaka kumrudishia. Shemasi wa kike akamzuia.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini shemasi alimzuia mwalimu? Je, mlikubaliana darasani, au maoni yaligawanyika?

2. Mshiriki anayepokea ruzuku ya kaya maskini anauliza kama ailipie zaka. Mtamjibuje? Je, jibu lenu lingekuwa tofauti kama angekuwa ameulizia mbele ya darasa zima?

3. Siku ya malipo kijijini imepangwa Sabato, na asiyefika huenda akangoja miezi miwili mingine. Bibi mmoja wa darasa lenu hakwenda. Nani alijua mapema, na darasa lilifanya nini Jumapili asubuhi?

4. Matendo 6 inaonyesha walionung'unika wakisikilizwa. Katika kanisa lenu, mjane asiyependa kusema, asiye na ndugu katika baraza la kanisa, na ambaye nyumba yake ina bati, atapeleka manung'uniko yake kwa nani?